Kutuma komiki za kukusanya kwa posta ukiwa Unguja au Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndo yale yale yanayorudi kila mtu akiuza komiki yake ya mwanzo kwa mtu wa nje, au akinunua na ikamfikia imekunjika. Yamepangwa kuanzia mepesi, ukishajua mambo ya mwanzo ruka uende unapopataka.

## Mambo ya mwanzo

Kwani komiki si kitabu tu? Si naitia kwenye bahasha ya kaki nakwenda zangu posta?

Unaweza, na itafika, ila haitofika kama ilivyotoka. Mtu anaekusanya komiki hanunui hadithi, hadithi ataisoma kwenye simu, yeye ananunua hali ya kitu: kava iwe bapa, kona ziwe kali, mgongo usiwe na michirizi. Wenzetu wanaipima komiki kwa gredi kutoka 0.5 mpaka 10, na baina ya 9.8 na 9.0 wewe na mimi tukiziweka mezani hatuoni kitu, ila bei inaweza kuwa mara mbili au zaidi. Mkunjo mmoja mdogo karibu na pini, zile za mgongoni zinazoshika kurasa, ule unaovunja rangi ukaacha mstari mweupe, ushashusha gredi.

Kitu gani hasa kinaiharibu njiani?

Vitu vitatu. Kupinda, kucheza ndani ya kifurushi, na maji. Watu wengi wanahangaika na la kwanza tu, wanaweka kadibodi ngumu halafu komiki inateleza ndani huku na huku safari nzima na kona zote zinabonyea. Na kwa sisi huku visiwani maji si mvua peke yake, hata hewa yenyewe ina maji, soma sehemu ya hewa na harufu huko chini.

Komiki gani inastahili shida yote hii?

Yoyote ambayo mtu kailipia kwa hali yake. Hata majarida yetu ya zamani ya katuni, Sani na mengineyo, siku hizi yana watu wanayatafuta, na hayo yanataka uangalifu zaidi kuliko komiki mpya ya Marekani kwa sababu karatasi yake ni ya gazeti, ina asidi, ikizeeka inakuwa ya kahawia na inavunjika ukiikunja. Kama ni komiki ya kusoma tu na kumpa mtoto, bahasha na kadibodi moja yatosha.

## Vifaa

Mifuko maalumu na bodi za komiki, zile karatasi ngumu za kuweka nyuma yake, napata wapi hapa?

Madukani huku usitegemee, agiza. Ukiagiza pima kwanza komiki zako kwa rula, mana mifuko inauzwa kwa saizi za zama: komiki za sasa ni nyembamba kidogo, kama sentimita 17 kwa 26, za miaka ya 60 ni pana zaidi na za miaka ya 40 ndo pana kabisa. Mfuko ukibana sana unakwangua kona wakati wa kuitia, ukipwaya komiki inacheza.

Mifuko ya bei rahisi ni ya polipropilini au polithini, ya bei kali ni ya poliesta, ile watu wanaiita Mylar, ngumu na haina madhara hata ikikaa miaka. Kwa safari tu polipropilini inatosha kabisa, usidanganywe.

Kama huna na mteja anasubiri, nenda duka la steshenari ukachukue zile plastiki laini za kuhifadhia karatasi za A4, ila inuse kwanza. Ikinuka kama mpira mpya wa kuogelea basi hiyo ni PVC, iache, inagandana na wino wa kava hasa kwenye joto. Kwa bodi kata manila nyeupe mbili uziweke pamoja. Manila si bodi isiyo na asidi, kwa hiyo ni ya safari tu, mwambie mteja abadilishe ikifika.

Lakini mifuko ya plastiki si imepigwa marufuku?

Marufuku ni ya mifuko ya kubebea. Zanzibar ilitangulia na bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Plastiki ya kuhifadhia komiki ni kifungashio cha kitu, si mfuko wa kwendea sokoni. Ila usije ukafunga kifurushi chako kwa mfuko wa rambo uliobaki nyumbani ukakipeleka dirishani, unatafuta maneno bure.

Kadibodi ipi nzuri?

Hapa ndo pa kutia nguvu zako, kuliko kwenye tepu. Kadibodi ya mawimbi, kavu, isiyo na mikunjo. Bora kabisa ni ya boksi la TV au la friji, waombe wenye maduka ya vifaa vya umeme wakupe, ina sehemu kubwa bapa unakata vipande vingi. Za maboksi ya viatu ni laini mno. Za maboksi yaliyobeba samaki, dagaa, biskuti au sabuni usiguse: harufu inaingia kwenye karatasi haitoki, na za biskuti zinakuja na mayai ya mende.

Tazama mawimbi yake yanakwenda upande gani. Kadibodi inapinda kirahisi kufuata mawimbi na inakataa kupinda kuyakata. Kwa hiyo vipande viwili unavitia vipishane, kimoja mawimbi yasimame na chengine yalale. Pale havipindi tena, jaribu mwenyewe kwa mikono uone.

Na tepu?

Tepu ya kahawia pana kwa nje ya boksi. Ndani tumia ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi, inabanduka bila kuchana kitu. Kila kipande mwisho wake ukunje kidogo uwe na sikio la kuvutia. Selotepu ya kawaida ndani usitie, kwenye joto gundi yake inatoka pembeni.

## Kupaki

Nipe hatua za kupaki komiki moja.

Osha mikono, ikauke vizuri, usipake mafuta wala losheni. Meza iwe kavu, na chai iwe chumba chengine.

Itie komiki kwenye mfuko na bodi yake nyuma, kifuniko cha mfuko kikunje nyuma ya bodi ukibandike kwa kipande kifupi cha tepu. Hapa watu wanaumia sana: tepu hii ikibanduka nusu wakati mteja anaitoa komiki, ile gundi inanasa kwenye kava na inang'oa rangi. Kwa hiyo funga vizuri, au kitie kifuniko ndani bila tepu halafu utie yote kwenye mfuko wa pili. Mfuko wa pili mimi natia kila mara, wa kufunga kwa zipu, ndo wa kuzuia maji.

Kata kadibodi mbili zikizidi komiki sentimita mbili au tatu kila upande. Hiyo ziada ndo inakula kipigo kifurushi kikiangukia kona. Iweke komiki katikati ya kadibodi ya chini uibane kwa vipande vinne vya tepu ya karatasi, kimoja kila kona, vikamate mfuko na kadibodi tu, visiivute. Weka ya juu, mawimbi yapishane, zungushia tepu pande zote nne. Sasa itikise. Ikisikika inateleza, fungua uanze tena.

Halafu sandwichi hiyo iingie kwenye boksi lenye nafasi kama sentimita tano kila upande, ijaze kwa karatasi za kaki zilizofinywa mpaka isicheze. Kwa komiki ya bei ndogo unaweza kuishia kwenye sandwichi na bahasha ngumu, ila kwa ng'ambo mimi siitumi bila boksi.

Kumi au ishirini kwa pamoja?

Zipange migongo ikipishana, hii kulia hii kushoto, kwa sababu upande wa mgongo na pini ni mnene zaidi, ukizipanga zote upande mmoja bunda linainama na zinapinda. Bunda lisizidi kama kumi na tano. Kadibodi juu na chini, karatasi ya kaki kuzunguka, tepu juu ya kaki. Mipira ya kufungia pesa usitumie, inakata kingo. Baada ya hapo ni boksi kama lile la komiki moja, ila mabunda mawili yatenganishwe na kadibodi.

Ile plastiki ya vipovu naizungushia moja kwa moja kwenye komiki?

Hapana. Vipovu vikibanwa kwenye joto vinaacha alama za duara kwenye kava. Iwe nje ya kadibodi.

Magazeti ya zamani kujazia je?

Nje ya sandwichi sawa, ndani hapana, wino unahama. Na yawe makavu. Gazeti lililokaa ukumbini mwezi wa nne limeshiba maji kuliko unavyodhani.

Komiki ishapewa gredi, imo ndani ya lile ganda la plastiki gumu. Hiyo si ishalindwa?

Ganda linailinda komiki kwenye rafu, kwenye posta lenyewe ndo linataka kulindwa. Kampuni ya CGC ya Marekani, inayotoa gredi, ndo iliyoanzisha mtindo huo mwaka 2000, na plastiki yake ni ngumu lakini kona zake zinapasuka zikigonga sakafu. Tena ganda likipokea kipigo komiki ndani inaruka kidogo, kona inabonyea humo humo ilimofungiwa, na gredi iliyoandikwa juu haina maana tena.

Itie kwenye mfuko laini kwanza isikwanguke, vipovu mizunguko miwili, kadibodi mbele na nyuma, halafu boksi, na boksi hilo ndani ya boksi jengine lenye kujazwa. Ganda na ganda yasigusane hata siku moja. Bahasha usiifikirie.

Manga, zile katuni za Kijapani, na vile vitabu vinene vya katuni vya kubandikwa gundi?

Hivyo vinapigwa na joto zaidi. Gundi ya mgongo inalainika kifurushi kikikaa kwenye gari juani, kitabu kikiwa kimesimama kurasa zinaachia. Vilaze bapa, vibanwe visifunguke, mgongo uwe na kadibodi yake. Mfuko na bodi si lazima, plastiki moja ya kuzuia maji inatosha.

## Hewa, mvua na harufu

Natuma wakati wa masika, nifanye nini?

Kama si haraka, subiri. Kuanzia Machi mpaka Mei karatasi inanyonya maji hewani inavimba mawimbi, na ukiifunga vile vile kwenye mfuko wa zipu umeyafungia maji ndani. Kifurushi kikipanda ndege kikapoa, yale maji yanatoka hewani yanatua kwenye kava. Ndo mana mtu wa Ulaya anakwambia komiki imefika na ukungu na wewe unaapa ilitoka safi.

Kama lazima, pakia kwenye chumba chenye AC, komiki na bodi na kadibodi zote zikae humo usiku kucha kabla ya kufunga. Huna AC, chagua siku kavu, mchana, madirisha wazi jua likiwaka, na wala usiianike komiki juani, inapauka. Vuli ni hivyo hivyo ila si kali.

Vile vipakti vya silika vinavyokuja na viatu vinasaidia?

Vikiwa vipya. Vilivyokaa droo miezi vishashiba zamani, unatia mchanga tu. Nunua vile vyenye chembe zinazobadilika rangi, vinakaushwa kwenye oveni vinatumika tena. Kiwe baina ya mfuko wa kwanza na wa pili, kisilale juu ya kava, kinaacha bonde. Chumvi na mchele wa kukaushia simu viache jikoni.

Pini zina kutu kidogo, nizibadilishe kabla ya kuuza?

Usizibadilishe. Kutu kwenye pini ni ugonjwa wa huku kwetu, upepo wa bahari una chumvi na unakula chuma kila siku, anaekaa Shangani au Mkoani anajua hata bawaba za mlango zinavyokwenda. Lakini pini mpya kwenye komiki ya zamani mjuzi anaiona mara moja na anahesabu umeichezea. Piga picha pini karibu, ziseme kwenye tangazo, bei iwe ya haki.

Mteja amelalamika komiki inanuka manukato.

Udi huo. Nyumba ikifukizwa moshi unaingia kwenye nguo, mapazia na karatasi, na sisi pua zishazoea hatuusikii. Kwa mkusanyaji wa ng'ambo harufu ya moshi ni dosari kama doa, hajui kama ni udi wa bei au sigara. Komiki zikae chumba kisichofukizwa, kwenye mifuko yake, na siku ya kupaki chetezo kipumzike.

Bibi kanambia nitie karafuu ndani wadudu wasiingie. Au naftalini?

Bibi umpe heshima yake lakini karafuu kaa nayo. Ina mafuta, yanatoka kwenye joto, doa lake kwenye karatasi ni la kahawia na halitoki. Na ukiachia doa, kifurushi chenye karafuu kikifunguliwa bandarini au posta utaulizwa maswali, karafuu za Zanzibar njia yake ni ZSTC, shirika la biashara la serikali, na magendo yake ni kesi. Naftalini haitii doa ila harufu yake inakaa miaka. Wadudu unawazuia kwa kadibodi safi na mfuko uliofungwa, tazama swali la kadibodi.

## Dirishani posta

Rejista, EMS au kifurushi cha kawaida?

Ya bei ndogo, rejista: inapewa namba na inasainiwa. Ya bei, au mteja mwenye haraka, EMS, ile huduma ya haraka ya posta. Bila namba ya kufuatilia usitume kitu cha mtu, hata akikuomba mwenyewe ili apunguze gharama. Pima uzito nyumbani kwanza na sandwichi na boksi vyote, kwa sababu vifurushi vidogo vya njia ya barua vinaishia kilo 2, ukizidi unahamia kwenye bei za vifurushi vikubwa na gharama inaweza kuzidi komiki yenyewe.

Niende nimeshafunga kabisa?

Ndani funga, boksi la nje liache wazi uende na tepu yako. Kwa vitu vya kwenda nje mara nyingi utaombwa uoneshe kilichomo, na ukiwa umezungushia tepu nzima karani atakata kwa kisu chochote kilichopo pale. Sandwichi iandike juu kilichomo, na mfuko uwe wa kuangaza, utamuonesha bila kumpa aguse.

Fomu ya forodha naandika nini?

Utapewa CN22 kwa kifurushi kidogo cha thamani ndogo au CN23 kwa kikubwa, karani atakwambia ipi. Andika kwa Kiingereza kinachoeleweka: vitabu vya katuni vilivyochapishwa, vya zamani, idadi, uzito, thamani. Ukiandika "vitu" au "karatasi" tu umekaribisha kufunguliwa.

Mteja kaniomba niandike ni zawadi, au thamani ndogo.

Kataa. Ni uongo wa forodha na jina kwenye fomu ni lako. Tena kikipotea hutolipwa zaidi ya thamani uliyoandika, ukiandika dola 5 ndo hizo hizo.

Marekani kuna tatizo gani siku hizi?

Ule msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800 uliondolewa kuanzia 29 Agosti 2025, na posta za nchi nyingi zikasimamisha kwa muda kupokea vifurushi vya bidhaa vya huko. Kabla hujachukua pesa ya mteja wa Marekani ulizia dirishani kama wanapokea na kwa masharti gani. Ulaya nako, tangu 1 Julai 2021 kodi ya VAT inatozwa hata kwenye kitu cha bei ndogo, mwambie mteja mapema asije akakulaumu wewe.

Mimi ndo mnunuzi, niko Wete, anwani nimpe vipi muuzaji?

Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, S.L.P., Wete, Pemba, Zanzibar, Tanzania, na namba ya simu ikianza na +255. Simu ni muhimu kuliko vyote, hapa mtu wa posta anakupigia. Huna sanduku, omba la skuli, ofisi au jamaa ila umwambie, si asikie kwa karani. Fomu za intaneti zikilazimisha postikodi, tafuta ya shehia yako, za Zanzibar zinaanza na 7. Na Tanzania isikose, kuna vifurushi vinazunguka dunia kwa sababu mtu kaandika Zanzibar peke yake.

Namba ya kufuatilia haioneshi kitu wiki nzima.

Kwanza ihakikishe: herufi mbili, tarakimu tisa, halafu herufi mbili za nchi ilikotoka, yetu ni TZ. Ikiwa sawa, kimya cha siku kadhaa baina ya kutoka Dar na kuingia nchi ya pili ni kawaida, haiskaniwi angani. Ikizidi, fungua ulizo posta ulikotuma na risiti mkononi. Kwa rejista na vifurushi vya kawaida vya kimataifa mwisho wa kuuliza ni miezi sita tangu kutuma.

Unguja kwenda Pemba, si bora nimpe mtu wa boti?

Kwa hapa hapa, ndio, wengi tunafanya hivyo na inafika mapema. Ila funga kwa ajili ya maji ya chumvi: mfuko wa zipu, sandwichi, halafu plastiki nene kuzunguka boksi zima. Mwambie mbebaji kabisa isikae deki, hasa wakati wa kusi, mkondo wa Nungwi unarusha maji mpaka kwenye viti. Na mpigie anaepokea mapema awe bandarini, mzigo ukilala Mkoani nje usiku mmoja kazi yako yote imekwenda.

## Ikishafika

Nimepokea, nafungua vipi?

Usifungue hapo hapo. Iache ndani ya boksi nyumbani mpaka kesho ipate hali ya hewa ya humo, hasa ikitoka nchi ya baridi. Halafu rikodi video tangu boksi likiwa limefungwa. Kata tepu tu, kwa ncha fupi ya kisu cha karatasi. Kisu cha jikoni kinapita kadibodi kinafika kwenye kava.

Imefika imepinda au imelowa.

Usitupe hata kipande cha kifungashio, piga picha boksi nje pande zote, lebo, halafu ndani. Mwambie muuzaji siku hiyo hiyo, mara nyingi anaedai posta ni aliyetuma, si wewe. Ikiwa imelowa itoe kwenye plastiki, tia karatasi nyeupe za jikoni baina ya kurasa unazoweza kuzifungua bila kulazimisha, feni kwa mbali. Pasi usiikaribishe.

Niliituma, haikuchukuliwa, imenirudia. Natuma tena vile vile?

Fungua uitazame. Imesafiri mara mbili na imekaa stoo miezi, silika ishashiba, kadibodi za nje zishalainika. Badilisha mfuko wa nje, kadibodi na boksi, piga picha mpya za hali yake ya sasa, mtumie mteja akubali kwanza. Gharama ya pili ni yake kama anwani ilikuwa ya kwake na kakosea, ila mkubaliane kabla hujakwenda dirishani.